Nilisema Nimemwona

Mwezi uliopita, asubuhi ya mawingu, nilisema uwongo msituni. Tulikuwa watu tisa, tumesimama kwa safu kwenye njia ya udongo mwekundu ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na kijana aliyetutembeza, mwenye adabu na bidii, alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwenye msongamano wa matawi, akinong'ona kwamba mle ndani amelala bundi mdogo wa Sokoke. Mmoja baada ya mwingine, waliokuwa mbele yangu walinyanyua darubini, wakakaa kimya kitambo, wakaitikia kwa kichwa, wakasema wamemwona. Ilipofika zamu yangu mimi, ambaye jicho langu la kushoto limeanza kufunikwa na mtoto wa jicho na la kulia si lile la ujana, sikuona ila majani juu ya majani. Hata hivyo nikasema, "Nimemwona, mashaallah," nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.

Uwongo ule ulinifuata mpaka nyumbani na ukaninyima usingizi, si kwa ukubwa wake, bali kwa sababu kwa zaidi ya miaka thelathini mimi mwenyewe nimekuwa nikiwaonyesha wenzangu ndege, wanafunzi na wageni na jamaa, na wote kwa jumla walikuwa wakiniambia maneno hayohayo, nami nikiyapokea kama ithibati. Je, ni wangapi kati yao waliona majani?

Bundi mwenyewe, kwa insafu, ni mtihani. Urefu wake hauzidi sana sentimita 16, uzito wake kama gramu 50, na rangi yake huwa ya kijivu, ya kahawia au ya kutu, kila moja ikilingana na jani kavu la aina fulani. Mchana hulala kwenye kichaka kizito, mara nyingi wawili ubavu kwa ubavu, si juu sana kutoka ardhini, na hafanyi harakati yoyote ya kumsaliti. Wataalamu walimtambua mwaka 1965, wakati mimi ni mtoto wa shule katika kijiji kilicho mwendo wa mguu kutoka msitu huo, na baadaye akapatikana pia kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki, upande wa Tanzania. Sisi tulikuwa tukimsikia usiku akipiga mluzi wake wa sauti moja, tena na tena, na bibi yangu alikuwa akituamuru tuingie ndani, kwani bundi kwetu ni ndege wa nuhusi. Leo watu wanapanda ndege kuja kumtafuta ndege yule yule aliyekuwa akitukimbiza uani.

Aliyenifunza kwanza namna ya kumwonyesha mtu kitu kilicho mbali hakuwa mtazamaji wa ndege, wala hakupata kushika darubini maishani mwake. Alikuwa mjomba wangu, mvuvi wa Watamu, ambaye siku za likizo alinichukua katika mashua yake, nami nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi. Wavuvi wa pwani humtafuta samaki kwa kumtafuta ndege kwanza: membe wakizunguka na kujitupa majini mahali pamoja, yamkini chini yao mna dagaa wanaosukumwa juu na jodari. Mjomba aliwaona membe hao kutoka mbali ambako mimi niliona maji tu, na kila aliponiambia "pale", niliona maji mengine. Nilikuwa nimekaza macho kwenye ncha ya kidole chake, nikiufuata mstari wake kwa bidii, na mstari huo ulinipeleka kila mara mahali pasipo na kitu.

"Mpwa wangu," akasema, "acha kidole. Kidole kiko begani kwangu, macho yako kichwani kwako. Waiona omo?"

Nikasema naiona, nani asiyeiona omo ya chombo alichopanda?

"Basi toka omo, uje upande wa demani, upana wa ngumi yako ukinyoosha mkono. Umefika? Sasa shuka mpaka pale maji yanapokutana na mbingu, ungoje. Usiwatafute. Wangoje."

Nikangoja, na baada ya kitambo nikaona vidoa vyeupe vikipanda na kushuka kama majivu juu ya moto. Sikuelewa siku ile kwamba nimepewa elimu. Nilidhani nimepewa samaki. Lakini mambo yote niliyosoma baadaye katika jambo hili yamo katika maneno yale machache. Mtu anayenyoosha kidole anatoa mstari unaoanzia kwake, na mstari huo hauna maana kwa mtu aliyesimama hatua mbili kando, maana wake ungeanzia mahali pengine. Mjomba hakuanza na ndege aliyemwona yeye, bali na omo niliyoiona mimi.

Miaka ya 1980 nilihamishiwa Nairobi kufundisha, na wakati wa likizo nikawa mmoja wa wahudhuriaji wa matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, chini ya chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909 na kinachojulikana siku hizi kwa jina la Nature Kenya. Nilikwenda na darubini ya kuazima na fahari ya mtu wa pwani aliyezoea kuona mbali, na katika saa ya kwanza fahari hiyo ikanitoka. Watu walitaja majina ya ndege kama wauza samaki wanaotangaza bei, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza, na kila nilipoinua darubini nilikuta jani la mgunga limenijaa kiooni, kubwa kama sinia, na ndege hayupo.

Mzee mmoja, ambaye sikupata kulijua jina lake, alinitazama nikihangaika, akaja akasimama nyuma yangu, akainama kidogo mpaka kichwa chake kikawa sawa na bega langu, ili aone nilichokuwa nikikiona mimi. Hakutaja ndege. Aliniuliza ni mti upi ulio mrefu kuliko yote machoni pangu, nikamwambia. Akaniuliza kama nauona uma wa matawi katikati yake, nikasema nauona. Akasema tupande tawi la kulia la ule uma mpaka mahali linapokatwa na kivuli. Hapo nilimwona ndege kwa macho matupu, nikashusha uso upesi kuitafuta darubini kifuani, na nilipouinua tena nikawa nimempoteza. Yule mzee alicheka kwa upole, akanionya kwamba kosa hilo hufanywa na kila mgeni wa kazi hii: jicho likishamkamata ndege lisiondoke kwake hata kidogo, bali darubini ipandishwe ilifuate jicho lilipo. Maana darubini iliyoandikwa 8x42 hukuza mara 8, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42, lakini inachokikuza ni kipande chembamba cha ulimwengu, kama mtu anayechungulia ukumbi wa harusi kupitia tundu la kitasa: humwona bibi harusi vizuri sana, akibahatika tundu kuelekea kwake.

Nilirudi Pwani mapema miaka ya 1990, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi isiyo mbali na Gede, na hapo zamu yangu ya kuwaonyesha wengine ikaanza. Niliuchukulia wajibu huo kwa uzito, pengine kwa uzito uliozidi. Niliwazuia wanafunzi wangu kusema "kule", kwa hoja kwamba lugha yetu imetupa neema ambayo wengi hawana: kule ni upande mzima, pale ni mahali panapojulikana, na mle ni ndani ya kitu chenye mipaka. Anayesema ndege yuko kule ametoa msitu wote wa kilomita za mraba 420. Anayesema yuko pale ametoa mti. Anayesema yumo mle ametoa kichaka. Wanafunzi wakafurahi na kugeuza jambo hilo mchezo, hata mmoja akamwambia mama yake kwamba sukari haiko kule, imo mle. Lakini "pale" ikirudiwa mara tatu kwa sauti inayopanda, ni "kule" tu iliyovaa kanzu, nami nimewasikia watu wazima, wenye elimu na darubini za bei kubwa, wakipiga kelele za pale pale pale mpaka ndege mwenyewe akaona heri aondoke.

Katika miaka hiyo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado hunichekesha. Wageni wa Kizungu waliokuwa wakija msituni walikuwa na desturi ya kuugeuza mti kuwa uso wa saa ya ukutani: kilele ni kumi na mbili, shina ni sita, ukingo wa kulia ni tatu, wa kushoto ni tisa. Niliipenda hila hiyo kwa uzuri wake, nikaihamishia katika Kiswahili bila ya kufikiri. Siku moja niliwachukua walimu wenzangu kadhaa na wageni wawili hadi sehemu ya mirihi, ambako miti imeachana na mwanga unaingia, kumtafuta chozi wa Amani, ndege mdogo wa juu ya miti, mgongo wa kijani ya giza inayong'aa na tumbo jeupe, ambaye hatulii mahali pamoja kwa muda wa kumaliza sentensi. Nikamwona akining'inia kwenye ukingo wa kulia wa mrihi mkubwa, nikatangaza kwa utulivu wa bingwa, mara moja kwa Kiingereza na mara moja kwa Kiswahili, kwamba yuko saa tatu.

Wageni wakageukia kulia. Walimu wote, kama kikosi cha askari, wakageukia kushoto.

Na walimu ndio waliokuwa na haki. Sisi tunahesabu saa kuanzia kucha kwa jua, na saa tatu ya Mswahili, kwenye uso ule ule wa saa uliotengenezwa ng'ambo, ni pale mshale mfupi unapoelekea tarakimu ya tisa. Tangu utoto tumezoea kusoma tarakimu moja na kutamka nyingine bila ya kuona ajabu, na tofauti yake ni saa sita kamili, yaani nusu ya duara, yaani upande wa pili hasa wa mti. Ningalikosea kwa saa moja au mbili, pengine jicho la mtu lingezungukazunguka likamkuta ndege. Lakini mimi niliwatuma mahali palipo mbali kuliko pote. Mwalimu wa hesabu, Mungu amrehemu, ndiye aliyelitambua jambo hilo kwanza: aliitazama saa yake ya mkononi, akautazama mti, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, saa tatu ya nani?" Chozi naye alikuwa amekwisha kwenda zake.

Tangu siku ile niliacha saa, nikashika bara na bahari. Mtu wa pwani, hata akiwa ndani ya msitu asipoona mbingu, hujua bahari iko upande gani, na ukimwambia tawi la upande wa bahari hageuki kombo. Ila mgeni aliyefika jana kwa basi la usiku hajui, na kwake bara na bahari ni kitendawili, kwa hiyo kwake hurudi kwenye kulia na kushoto, nikitaja kwamba ni kulia kwake na si kwangu. Hakuna namna moja inayowafaa wote. Inabidi kwanza ujue mwenzako anaishi katika saa gani, na hilo hulijui ukiwa umemgeuzia mgongo.

Kuhusu rangi niseme kwa ufupi: usitaje rangi ya ndege aliye dhidi ya jua. Huko juu wote ni weusi, na mtu atatafuta tumbo la manjano ulilomwahidi huku ndege amekaa mbele yake kama kipande cha mkaa.

Lililonitia aibu zaidi ni jambo la msichana mmoja wa darasa la sita, mpole, mfupi kwa umri wake, niliyemchukua pamoja na wenzake kuangalia ndege ukingoni mwa msitu. Nilikuwa nimebuni mtihani wa kuwakamata wanaodai wameona kumbe hawakuona: mtu akisema amemwona, namwuliza mdomo wa ndege umeelekea wapi. Niliuona mtihani huo kuwa wa werevu. Yule msichana alisema amemwona, nikamwuliza mbele ya wenzake wote, akanyamaza. Nikamwuliza tena, akainamisha kichwa, na machozi yakamdondoka juu ya viatu. Wenzake wakacheka. Niliposogea kumtuliza, nikapiga goti kwa bahati tu ili nizungumze naye uso kwa uso, nikaona kitu ambacho kwa kimo changu nisingekiona kamwe: kwenye usawa wa macho yake palikuwa na tawi la mchongoma lililokata njia yote ya kuona, na nyuma ya tawi lile hakukuwa na mti, wala ndege, wala chochote nilichokuwa nikikieleza kwa ufasaha mwingi kwa dakika nzima. Alikuwa hana namna ya kuona. Alisema ameona kwa heshima, kwani mwalimu akisema kitu kipo, mtoto aliyelelewa vizuri hasemi hakipo.

Nilimsogeza hatua mbili upande wa bahari, nikakaa chini kabisa mchangani, nikamwuliza anaona nini. Ndege alikuwa amekwisha ruka, lakini tuliangalia pamoja tawi alilokuwa amelikalia, likiwa bado linatikisika.

Sijautumia mtihani ule tena mbele ya watu. Siku hizi, nikitaka kujua kama mtu ameona, humwambia mimi mwenyewe simwoni vizuri, anisaidie kuniambia anafanya nini. Aliyeona hueleza kwa furaha, na asiyeona hupata mlango wa kusema hata yeye hamwoni. Ni hila, nakiri.

Tamaa ya kuonyesha nayo ina madhara yake. Niliwahi kusimama karibu na mtu aliyekuwa akiwatembeza wageni wenye haraka ya kwenda uwanja wa ndege, ambaye alipoona hawawatambui bundi wawili waliolala kichakani, alinyoosha mkono akavunja kijiti kimoja, kisha cha pili, ili kuwafungulia dirisha. Wakawaona; wakapiga picha; wakashukuru. Kwa siku nyingi baadaye nilipita mahali pale na sikuwakuta tena wale bundi wawili, kwa kuwa kile kijiti ndicho kilichokuwa pazia lao dhidi ya jua na dhidi ya kipanga. Kadhalika wale wanaopiga sauti za ndege kwenye simu, mara ishirini mfululizo, ili ndege atoke kumkabili mpinzani asiyekuwepo: mimi siwapendi, na sioni haja ya kulificha neno hilo.

Kinyume chake ni wazee wa kule Mida, kwenye hori ya mikoko, ambako kuanzia mwezi wa Agosti hivi hufika wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, walao kaa, ambao huzalia katika mashimo ya mchanga kwenye pwani za Uarabuni, Omani ikiwemo, kisha hushuka kwetu kama yalivyoshuka majahazi ya zamani kwa kaskazi. Hapo ndege hutazamwa kwa darubini kubwa ya miguu mitatu, moja kwa watu wengi, na desturi niliyoikuta ni kwamba mwenye darubini huwa wa mwisho kutazama. Huilenga, huondoka, hukaa kando. Hakuna aliyeniambia ni sheria. Jioni moja nilimwona mwenye chombo akiwapisha watu kumi na wanne, maji yakajaa, ndege wakaondoka kwa pamoja kuelekea mahali pao pa kulala, naye akaanza kukunja miguu ya darubini bila ya kutazama hata mara moja.

Haya yote yalinipitia kichwani katika usiku ule wa uwongo wangu, na asubuhi ya Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu hadi Gede, nikamtafuta yule kijana. Nilimkuta getini, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Nikamwamkua, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza hali ya macho yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile sikumwona. Nilikudanganya."

Akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," akasema, "mlipoondoka nilirudi jioni. Alikuwa bado pale pale. Nikarudi kesho yake mchana, bado, na hajageuza hata kichwa. Nikaingia kichakani. Majani makavu, Mwalimu. Majani matatu yameshikana kwenye utando wa buibui."

Nikamwuliza kuhusu wale wengine wanane.

"Wote walimwona," akasema. "Mmoja aliniambia ameona macho yakifumbuka."

Hatukucheka, ingawa pangekuwa pahali pake. Aliimwaga chai iliyobaki, akachukua darubini yake na kunivika mimi ya akiba, tukaingia kwa njia ile ile ya udongo mwekundu, yeye akipunguza mwendo kwa ajili yangu bila ya kuonyesha kwamba anapunguza. Baada ya mwendo wa nusu saa akasimama, akasikiliza, akaja nyuma yangu na kuinama mpaka pumzi yake nikaihisi sikioni.

"Mwalimu, unauona ule mti ulioinamia njia, wenye gome lililochubuka?"

"Siuoni," nikasema.

"Haya," akasema, "tuanze na ulio karibu zaidi."